Mtindo wa Mzee Jetha

Ruhuwiko, Songea
14 Aprili 1996

Mdogo wangu Beda,

Tumsifu Yesu Kristo. Mama hajambo, anakusalimu, anauliza kama bado unakohoa na kama Pamela anakuchemshia ule mchaichai. Mahindi yamekubali mwaka huu, mvua haikutuonea. Pita nyumbani kwangu umwone Suzana na wanangu, halafu uniandikie kweli. Sitaki zile habari zako za "wote wazima" kumbe paa linavuja.

Sasa jambo lenyewe. Mgongo. Hospitali ya misheni, huku nilikokuja kwa Mama kutibiwa, wamenipiga picha, daktari akasema niache gofu. Nikamwambia, daktari, mimi tangu nimepata akili nimebeba mifuko ya watu, nikajifunza kupiga, nikawa kocha. Niache niende wapi? Akafikiri, akasema basi cheza, ila usijikunje kiuno. Kupiga mpira bila kujikunja! Si sawa na kumwambia mtu ale bila kutafuna?

Nilitoka pale nimekasirika. Njiani nikamkumbuka Mzee Jetha, yule Mhindi wa vipuri anayekuja kutoka Iringa kila Jumapili. Tumemcheka miaka yote, anavyopiga kama mtu anayefukuza kuku kwenye mahindi ya kuanika. Lakini umri wake ni wa marehemu baba, na sijamwona hata siku moja ameshika kiuno. Nakuomba umwangalie. Miguu, mikono, kichwa, kila kitu, uniandikie. Wewe ndiye kedi mkuu, mkubwa wa wabeba mifuko wote, una jicho kuliko sisi wote hapo Lugema.

Fanya haraka. Shirika likishauza mashamba ya chai, huyo bwana mpya anayekuja kuchukua kilabu cha gofu atabakiza kocha mmoja tu na ile nyumba ya kocha. Akinikuta kitandani, Suzana na watoto watatolewa nje na masufuria yao. Sina shamba la kwangu, sina cheti, nina mgongo huu tu, nao umeniasi.

Kaka yako,
Thadei


Lugema, kwenye chai
9 Mei 1996

Kaka yangu mpendwa Thadei,

Shikamoo kaka. Shikamoo Mama. Kwa neema ya Mungu sisi huku tu wazima, baridi ndiyo inatumaliza. Kikohozi kimepungua. Shemeji Suzana hajambo na watoto hawajambo, na paa kweli lilivuja, nimepanda mwenyewe nikaliziba. Pamela anakusalimia. Ana mimba, kaka, tunamwomba Mungu.

Nimemwangalia Mzee Jetha Jumapili mbili. Nilijifanya natafuta mpira majanini karibu naye mpaka akaniuliza kama nimepoteza pete ya ndoa. Sikia sasa. Miguu yake iko karibu karibu, kiatu na kiatu nusura vigusane. Uzito wote kauweka mguu wa mbele tangu anaposimama, na hautoi hapo. Wewe ulitufundisha uzito urudi nyuma halafu uje mbele, yeye haendi popote. Kiuno hakigeuki. Anainua mikono tu mpaka usawa wa bega, basi, kisha anaiacha ishuke. Na kisigino cha mguu wa nyuma hakikanyagi. Hakikanyagi kabisa, kaka, nimelala chini kuhakikisha.

Mpira hauendi mbali. Lakini unakwenda alikoutuma.

Habari za bwana mpya hazijanyooka. Wengine wanasema mwezi wa tisa, wengine Krismasi. Nikisikia nitakuandikia.

Mdogo wako,
Beda


Ruhuwiko
2 Juni 1996

Beda,

Marahaba. Hongera ya Pamela, Mama amepiga vigelegele mpaka jirani wakaja kuuliza. Barua yako imelala Njombe wiki nzima, sijui walikuwa wanaisoma.

Ndugu yangu, mimi nakufa. Nimekuwa nikienda kwenye majani ya pembeni mwa uwanja wa ndege kila asubuhi nikipiga kama ulivyoandika. Mimi, Thadei, niliyekuwa nauvusha mpira bwawa la Lugema nikiongea na mtu! Sasa mpira unakwenda pembeni kama mlevi anayetafuta choo. Unakwenda kulia. Ukikubali kwenda mbele, unakwenda hatua chache unalala. Juzi umempiga kuku wa Mama Theodosia, akafa pale pale. Nilisema Jetha anafukuza kuku, mimi nimeua. Mama amekwenda kuomba radhi na jogoo mkononi.

Watu wanapita na baiskeli wanasimama. Mtu mzima amesimama kwa ncha ya mguu mmoja porini, anainua chuma, anashusha. Wameanza kuuliza nafukia nini pale. Askari wa uwanja keshanifukuza mara kadhaa.

Na hicho kisigino! Goti linavimba. Usiku... hapana, hayo tuyaache. Nimejaribu mara moja ile ya zamani nione kama bado naijua. Mpira uliruka, Beda, uliruka vizuri mpaka nikatokwa na machozi, kisha Mama akanikuta nimeshikilia mti. Kwa hiyo ya zamani inaniua na mpya sijui. Mwangalie tena Jetha. Kuna kitu umekiruka.

Thadei


Lugema
30 Juni 1996

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Pole sana, pole na goti, pole na kuku. Shemeji Suzana amecheka mpaka kalia. Watoto wazima, yule mdogo ameota meno mawili.

Kaka, nitaandikaje hili. Jumapili Mzee Jetha alinyeshewa, akakaa barazani akavua viatu. Nikaona soli ya kiatu kimoja ni nene kuliko ya pili. Nikamuuliza kwa adabu. Akasema mguu wake mmoja ni mfupi tangu utoto, alivunjika akaungwa vibaya. Kiatu chake cha gofu chenye soli nene kabisa kiliharibika Pasaka, na fundi alikuwa hajamtengenezea. Ndiyo maana kisigino hakikuwa kinafika chini. Si mtindo, kaka. Ni kilema.

Mimi niliandika nilichokiona. Kedi unamfundisha wewe mwenyewe kwamba asifikiri, aangalie tu. Niliangalia.

Basi, kanyaga kisigino. Mengine yote ni yale yale, nimemuuliza. Amesema ukiona unataka kutumia nguvu, imba wimbo polepole moyoni.

Ya bwana mpya bado kimya. Nisamehe.

Beda


Ruhuwiko
21 Julai 1996

Mdogo wangu,

Marahaba, mjinga wewe. Wiki nane! Wiki nane nimesimama kwa kisigino cha Mhindi! Nilipoisoma barua yako nilitamani nipande basi nije nikuchape mbele ya mkeo. Kisha nilicheka, nikacheka mpaka Mama akadhani nimeanza kuchanganyikiwa, akaniwekea rozari shingoni.

Nimekanyaga. Nimeweka miguu karibu, uzito mbele, kiuno nimekiacha kilale, mikono juu, mikono chini. Nikaimba moyoni ule wimbo wa mavuno. Mpira ukaenda. Haukwenda mbali, ila ulinyooka, ukaangukia palepale nilipotupia shati langu. Nikapiga mwingine. Shati. Nikapiga mpaka jua likawa kali, kisha nikainama kuokota mipira. Nikainuka. Nikainama tena makusudi. Beda, hakuna maumivu. Nilikaa kwenye majani nikalia kama mtoto, na yule askari akanihurumia, akaniacha.

Umbali ndio sina. Lile shimo la mwisho, la kuvuka bwawa, siwezi tena kulivuka kwa pigo moja. Itabidi nipige fupi, mpira ulale kabla ya maji, kisha nivuke kwa la pili. Watacheka. Lakini nina pumzi ya kupata kazi yangu. Mwambie Suzana asifungashe kitu.

Kaka yako anayekupenda hata ukiwa mjinga,
Thadei


Ruhuwiko
11 Agosti 1996

Beda,

Mama hajambo. Mimi sijambo.

Salum, yule dereva wa Nakapanya anayepeleka korosho mpaka Makambako, alilaza lori huku kwetu jana. Amepita Lugema kuchukua chai. Ameniletea salamu za watu wengi. Ameniambia pia kwamba tarehe imetangazwa tangu mwezi wa sita, kwamba kocha atapatikana kwa kucheza, na kwamba majina yaliyoandikwa ni mawili, langu kwa kuwa ndimi kocha, na la mtu mwingine. Nikamuuliza wa pili nani. Akashangaa, akasema, "Si mdogo wako? Kwani hukuambiwa?"

Nilicheka mbele yake, nikasema naam, nilisahau.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nimeyasikia maneno haya tangu utoto, sikujua kuwa ni wewe. Barua yako ya mwisho umeniandikia "bado kimya" huku jina lako liko ukutani pa kilabu chini ya langu! Na kile kisigino? Niambie, Beda. Uliona kilema au ulinionea? Nakuuliza kama mtoto wa mama mmoja.

Thadei


Lugema
5 Septemba 1996

Kaka,

Shikamoo. Nimechukua muda kujibu. Niliandika nikachana, nikaandika nikachana.

Kisigino ni makosa, naapa kwa kaburi la baba. Hayo mengine ni kweli. Nilijiandikisha. Bwana mpya amesema kedi wote tunaondoka, atanunua vigari vya kubebea mifuko. Nani atanipa kazi? Pamela anakaribia kujifungua, amevimba miguu, na ninalala naye kwenye chumba cha kedi ambacho nacho tumeambiwa tukihame. Wewe ulikuwa umelala Songea hujui kama utainuka. Nilisema moyoni, kaka akipona atashinda tu, mimi ni nani? Na asipopona, heri nyumba ibaki kwetu. Nilikosa maneno ya kukuandikia hayo.

Sasa sikia, hili ndilo la haraka. Siku imerudishwa nyuma. Si mwisho wa mwezi tena, ni Jumamosi tarehe kumi na nne. Barua hii simpi mtu wa posta, nampa Salum mkononi. Ningetaka kukuibia ningenyamaza.

Njoo, kaka. Nikikushinda nikushinde ukiwepo.

Beda


Lugema
20 Oktoba 1996

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mlifika salama, wewe na shemeji na watoto. Pamela amejifungua mtoto wa kiume, nimempa jina la baba, Fransisko. Mwambie Mama.

Sijapata neno kutoka kwako tangu siku ile. Watu wananiuliza habari zako, wote, hata wale waliocheka. Mzee Jetha alinishika mkono akasema hajawahi kuona mtu anapiga mtindo wake vizuri kuliko yeye mwenyewe. Asubuhi yote ile hukukosa hata mara moja. Mimi nilikuwa napiga mbali, nakwenda porini, natoka porini. Tulipofika bwawani ulikuwa mbele yangu kwa pigo moja. Ungeipiga fupi, ukavuka kwa la pili, ilikuwa imekwisha.

Kwa nini, kaka? Nilikuona ukisogeza miguu. Nikaona unaitanua, ile ya zamani, nikataka kukuita. Mpira ulivuka maji ukaangukia karibu na bendera, sijaona pigo zuri kama lile maishani mwangu. Wageni wa bwana wakapiga makofi. Halafu hukuinuka. Ulikunjika pale, ukashuka taratibu mpaka chini. Nilikuja mbio kukuinua, Mungu anajua.

Hapa kazi nyingi. Niandikie, hata kunitukana.

Beda


Ruhuwiko
17 Novemba 1996

Beda,

Hongera ya mtoto. Mama ameungama na kupokea komunyo kwa ajili yake. Naendelea vizuri.

Umeniuliza kwa nini. Walikuwa wanacheka. Si wageni tu, hata kedi wetu, watoto niliowafundisha kushika fimbo, walikuwa wanaiga miguu yangu nyuma ya miti. Shimo baada ya shimo nilivumilia. Tulipofika bwawani yule bwana mpya akamwambia mwenzake kitu, wakacheka, akanionyesha maji kwa kidole kama kuniuliza, utaweza? Nikasahau mgongo, nikasahau Suzana. Nilitaka mara moja tu waone mimi ni nani. Basi waliona.

Umeandika kwamba ulikuja mbio kuniinua. Hapana, Beda. Bwana alikuuliza kama utasubiri. Mimi nilikuwa kifudifudi, sikio liko kwenye nyasi. Nilisikia unatembea ukinipita. Nilisikia unapiga, kimya, unapiga tena. Nikausikia mpira ukigonga kopo ndani ya shimo. Hapo ndipo ulipokuja mbio, kazi ikiwa imeshakuwa yako.

Suzana anasema alipoondoka aliacha mapazia yake ya maua dirishani kwa kuwa lori halikusubiri. Wewe hukuandika unakaa wapi siku hizi. Asiwe na shida Pamela, ayatumie.

Thadei


Lugema
10 Agosti 1997

Kaka Thadei,

Shikamoo. Shikamoo Mama, shikamoo shemeji Suzana. Najua hukutaka kuona barua yangu tena, umenyamaza na mimi nimenyamaza. Salum ameniambia unakaa dukani kwa Bakili pale Majengo, unauza sabuni na mafuta ya taa ukiwa kitini. Ameniambia na jinsi unavyobebwa kuletwa asubuhi na kurudishwa jioni. Hukuniambia. Uliandika "naendelea vizuri".

Sikatai ulichoandika, kaka. Nilikupita. Ni kweli nilikupita. Kila siku nikifika kwenye shimo lile nakwepa ule upande.

Nakuandikia kwa kuwa sina mwingine. Mgongo umeanza. Bwana ananitaka nipige mbali kila wageni wanapokuja, wanasimama na bia wanasema tena, tena, na mimi napiga. Asubuhi Pamela ananivalisha soksi. Jana mguu mmoja ulikufa ganzi mpaka nikakaa chini katikati ya uwanja nikijifanya nafunga kamba. Kuna kijana kaletwa kutoka Dar, anapiga mbali kuliko mimi, ananitazama kama mimi nilivyokutazama wewe.

Mzee Jetha hayupo tena, amewafuata wanawe Kanada. Nilimwangalia kwa macho tu, kaka, mwili wangu haujui. Nimejaribu, mpira unakwenda kulia. Wewe peke yako ndiye unayejua mtindo ule ukoje ndani. Nafahamu ninachokiomba na ninamwomba nani.

Beda


Majengo, Songea
7 Septemba 1997

Beda,

Wote wazima. Mama amezeeka ghafla, anamtaja Fransisko kila siku na hajamwona. Wanangu wanasoma, Suzana analima mahindi ya watu.

Barua yako niliitia mfukoni wiki nzima. Nilitaka kukujibu kwa neno moja, na neno lenyewe unalijua. Bakili akaniuliza mbona napima mafuta yanamwagika. Nikamwambia ni mdogo wangu, anaumwa. Nilipolisema ndipo nilipoona kwamba ni kweli, unaumwa. Sijakusamehe, usije ukadhani. Hiyo itakuja siku yake au haitakuja. Lakini Pamela asije akalala hapa kwenye magunia kama Suzana alivyolala.

Sikiliza. Mpira unakwenda kulia kwa sababu mikono inashuka ikiwa na haraka na mwili unaogopa. Miguu karibu, uzito mbele, na usiurudishe nyuma hata kidogo, hata mwili ukikulilia. Inua mikono mpaka begani, ngoja, ngoja tena, ndipo uiache. Usiipige, iache. Anza na vichuma vifupi, tena mahali pasipo na watu. Utapiga vibaya mwezi mzima, pengine miwili, utaona umepoteza yote uliyoyajua. Mimi nililia. Lia tu, huko majanini hakuna anayekuona. Halafu asubuhi moja utainama kuokota mpira, na utainuka.

Kisha watakucheka. Huyo kijana wa Dar atakucheka, bwana atakuonyesha maji kwa kidole. Nimekaa kitini mwaka mzima nikilifikiria lile bwawa, na kila mara nakwenda pale, nasimama, na kila mara nauvusha tena wapige makofi. Hata leo ningeuvusha. Kwa hiyo usinitazame mimi, fanya nilichokuandikia.

Piga fupi, Beda. Una mtoto.

Kaka yako,
Thadei